Kitenge Kwenye Mwamba

Katika picha yangu inayosifiwa kuliko zote kuna watu wanne, na hakuna anayewaona.

Ni picha ya maporomoko. Maji yanashuka kutoka ukingo wa mwamba mweusi kama shuka jeupe lililotundikwa, chini yake kuna kidimbwi kilichotulia, pembeni msitu mdogo wa kijani kibichi, juu mawingu mepesi. Hakuna mtu, hakuna mbuzi, hakuna hata alama ya mguu kwenye tope. Watu wakiiona huuliza swali lilelile: "Hii ni Tanzania kweli?" Nikiwajibu kwamba ni Kibondo, mkoani Kigoma, wengine hucheka. Kwao Kibondo ni kambi za wakimbizi, vumbi jekundu na basi linalofika usiku wa manane.

Nimeipiga mimi. Au niseme nimeitengeneza mimi, maana kati ya kupiga na kutengeneza ndipo ilipo habari yangu ya leo.

Nilifika Kibondo kikazi mwishoni mwa mwaka 2015, cheti cha chuo kikuu bado kinanukia wino. Warundi walikuwa wanavuka mpaka kwa maelfu. Kambi ya Nyarugusu, upande wa Kasulu, ambayo ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, ilikuwa imefurika, na Oktoba ile kambi ya Nduta wilayani Kibondo ikafunguliwa upya. Kazi yangu, ukiondoa maneno mazuri ya kwenye barua ya ajira, ilikuwa kuhesabu. Leo wamefika wangapi, mabasi mangapi, mahema mangapi, wangapi wana malaria. Kufikia 2017 Nduta ilikuwa na watu zaidi ya laki moja, na mimi nilikuwa nimeandika neno "wakimbizi" mara nyingi mno, kiasi kwamba vidole vilikuwa vinaliandika vyenyewe.

Nikachoka. Uchovu ule haukutibika kwa kulala. Ningekaa mbele ya mama aliyetembea siku tatu na mtoto mgongoni, naye anasimulia, na mimi nasikiliza sikio moja tu, sikio la pili linatafuta namba ya kuweka kwenye aya ya kwanza.

Jumapili moja kijana wa bodaboda aliyezoea kunipeleka kambini akaniambia, "Leo nikupeleke sehemu isiyo na foleni." Tukaacha barabara kuu, tukapita mashamba ya mihogo na maharage, tukapanda kilima, tukashuka bondeni kwa miguu. Nikasikia sauti kabla sijaona kitu. Kumbe kuna kijito kinachoanguka pale, urefu labda wa nyumba ya ghorofa mbili, kikielekea kuungana na Malagarasi. Jina la mahali silitaji. Nimeahidi, na huko mbele utaona nimemwahidi nani.

Malagarasi wenyewe ni mto wa ajabu kidogo. Unazaliwa kwenye nyanda za juu hukuhuku mpakani, kwa kipande fulani unakuwa ndio mpaka wetu na Burundi, unazunguka hadi kwenye madimbwi makubwa ya Moyowosi, kisha unageuka magharibi, unapita Uvinza na kumwaga maji Ziwa Tanganyika. Yaani unatoka karibu na ziwa, unaenda mbali, unarudi ziwani. Siku ile nilikaa kwenye jiwe, nikatazama kijito kimoja kati ya vingi vinavyoulisha mto huo, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi sikuhesabu kitu. Maji hayakuniomba nifikishe ujumbe wake kwa yeyote.

Nikaanza kwenda kila Jumapili, na kamera niliyoinunua mitumba.

Niwaeleze kidogo ufundi wake, kwa sababu bila huo hamtaona kosa liko wapi. Maji yanayoanguka hayana sura moja. Ukiyapiga kwa 1/1000 ya sekunde yanaganda, matone yanakuwa kama vipande vya chupa iliyovunjika hewani. Kwa 1/15 yanakuwa nyuzi. Ukiacha shata wazi sekunde mbili yanakuwa hariri, na kwa sekunde 30 yanakuwa moshi. Jicho la binadamu haliyaoni maji hivyo hata siku moja. Zile picha za maji laini unazoziona kwenye kalenda na kwenye kuta za hoteli zinakuonyesha rundo la muda lililobanwa kwenye karatasi moja.

Shida ni mwanga. Saa nne asubuhi, hata ukiteremsha ISO hadi 100 na kubana tundu la lenzi hadi f/16, kamera itataka 1/60 ya sekunde. Ukiiacha wazi sekunde 30 unapata karatasi nyeupe. Wenye uwezo hununua filta nyeusi ya kuzuia mwanga. Ile ya stopu kumi hupunguza mwanga mara 1,024, hivyo 1/60 inageuka kuwa sekunde 17, na wingu likipita kidogo unafika 30. Mimi mshahara wangu ulikuwa unaishia tarehe kumi na tano. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea mageti, nikamwomba kioo cheusi cha ile kinga anayovaa usoni. Akanipa kimoja kilichopasuka pembe, akanionya, "Usije ukaniambia unakwenda kutazama jua." Nikakifunga mbele ya lenzi kwa mipira ya kufungia noti. Picha za kwanza zilitoka kijani kama mchuzi wa mlenda, lakini maji yalikuwa moshi. Nilifurahi peke yangu kule bondeni kama mwendawazimu.

Rangi ya kijani nilijifunza kuirekebisha kwenye kompyuta. Kikabaki kikwazo cha pili, kwamba maji na mawingu vinang'aa mno, msitu na mwamba ni giza mno. Kamera haiwezi kuvishika vyote kwa pamo. Ukipima mwanga kwa ajili ya msitu, maji yanaungua. Ukipima kwa ajili ya maji, msitu unakuwa kaniki. Dawa yake ni kupiga fremu kadhaa kamera ikiwa haijasogea hata unywele, moja ya maji, moja ya msitu, moja ya anga, kisha kuzipanga tabaka juu ya tabaka na kuchukua kutoka kila moja kile ilichokiona vizuri. Wapo wanaodhani huu ni uongo ulioletwa na kompyuta. Mfaransa Gustave Le Gray alikuwa anafanya hivyo miaka ya 1856 na 1857. Kemikali za wakati wake hazikuweza kushika bahari na anga kwa pamoja, hivyo alitumia negativu mbili, moja ya mawimbi na moja ya mawingu, akaziunganisha kwenye karatasi moja. Watu walistaajabu, na picha zile zinathaminiwa hadi leo.

Nikajifunza na mbinu nyingine. Unapiga fremu nyingi za mahali pamoja, tuseme kumi na mbili, unaipa programu izilinganishe. Kwa kila nukta ya picha, programu inapanga thamani zake kumi na mbili kutoka ile ya giza hadi ile ya mwanga, halafu inachukua ya katikati. Kitu kilichosimama mahali pake muda wote kinabaki. Kitu kilichopita mahali hapo kwenye fremu mbili au tatu kinatupwa kama uchafu. Wapiga picha wa majengo maarufu hutumia njia hii kuwaondoa watalii. Hugusi kitu chochote mwenyewe. Hesabu inafanya kazi, watu wanayeyuka.

Hili nalo lina asili ya zamani. Mwaka 1838 Louis Daguerre alipiga picha ya mtaa wa Boulevard du Temple jijini Paris akiwa dirishani. Ulikuwa mtaa wenye shughuli nyingi, lakini picha ilihitaji dakika kadhaa za mwanga, na kila aliyekuwa anatembea hakuacha alama. Mtaa mzima unaonekana mtupu isipokuwa kwa mtu mmoja kwenye kona, amesimama mguu mmoja umeinuliwa, anang'arishiwa viatu. Anatajwa kuwa miongoni mwa binadamu wa kwanza kuonekana kwenye picha. Ameonekana kwa sababu alisimama. Anayemng'arisha, ambaye mikono yake ilikuwa kazini, ni kivuli tu.

Nilisoma habari ile nikaiona ni kichekesho kizuri. Sikujua inanihusu.

Asubuhi niliyopiga picha ile, nilifika mapema, nikasimamisha stendi ya miguu mitatu, nikaning'iniza mfuko wa mawe chini yake isitikisike. Nikaanza. Fremu kumi na mbili, sekunde 30 kila moja. Katikati ya kazi wakaja watu. Bibi mmoja na beseni la nguo, akainama majini, akafua, akaenda kuanika, akarudi. Watoto wawili na madumu ya njano. Mwanamume anayesukuma baiskeli yenye mkungu wa ndizi, akavuka mawe pale chini, akaenda zake. Nikasalimia, wakaitikia, nikaendelea kubonyeza. Sikuwa na wasiwasi. Nilijua hesabu itawaondoa.

Usiku, kwenye chumba cha kupanga, umeme ukiwa umerudi, nikafungua kompyuta. Programu ikafanya kazi yake, watu wanne wakaondoka bila kelele. Ila kitu kimoja kikabaki. Kwenye mwamba wa kulia kulikuwa na kitenge, rangi ya chungwa na buluu. Bibi alikuwa amekianika kabla sijapiga fremu ya kwanza, na kitenge hakikusogea. Kwa hesabu ya programu, kitenge kilikuwa sawa na jiwe.

Nikakitazama muda mrefu. Kilikuwa kinaharibu "usafi" wa picha. Nikachukua kipande cha mwamba kutoka pembeni, nikakipaka juu yake, nikalainisha kingo. Dakika tano. Kitenge kikaisha.

Niseme wazi: watu waliondolewa na mashine, lakini kitenge nilikifuta mimi kwa mkono wangu.

Picha ikapendwa. Nikaipeleka huku na kule, na mwaka uliofuata kampuni moja, ambayo haina haja ya kutajwa, ikaniomba iitumie kwenye kalenda. Ikawekwa mwezi wa Aprili. Chini yake waliandika: "Mandhari ambayo mkono wa binadamu haujaigusa." Sikuyaandika mimi maneno hayo. Lakini sikuyapinga pia. Nililipwa, nikanunua filta ya kweli.

Wakanitumia na nakala tano za kalenda. Nikasema moyoni, moja nimpelekee yule bibi, maana kwa miezi yote ile tulishazoeana. Alikuwa ananiita "mjukuu wangu wa mashine". Wakati mwingine alinipa ndizi za kuchoma, mimi nambebea beseni kupanda mlima.

Nilimkuta nyumbani kwake, anapukuchua maharage.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Leo mashine iko wapi?"

"Leo nimeleta kazi yake."

Akajifuta mikono, akaipokea kalenda kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto. Akaitazama. Akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Akaweka kidole kwenye mwamba wa kushoto. "Hili ni jiwe langu la kufulia," akasema, na akafurahi. Kisha kidole kikaanza kutembea. Kikatoka kwenye jiwe, kikaenda majini, kikapanda kulia, kikarudi.

"Mimi niko wapi?"

Nikaanza kueleza habari za sekunde na mwanga. Kwamba kamera ilikaa muda mrefu, kwamba anayetembea haonekani. Alinisikiliza kwa adabu.

"Na kitenge? Kitenge hakitembei."

Nikamjibu, "Kompyuta ilikiondoa, bibi."

Mjukuu wake, binti wa darasa la sita, alikuwa amesimama nyuma yake. Akasoma yale maandishi kwa sauti, kama wanavyosomeshwa shuleni: "Mandhari ambayo mkono wa binadamu haujaigusa."

"Mkono wa nani?" akauliza bibi.

"Wa binadamu."

Bibi akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayemwonea huruma mgeni. Halafu akasema neno ambalo nimelibeba hadi leo: "Sasa wakija watu wa kugawa maji wataona hapa hakuna mtu."

Kalenda aliipokea. Aliitundika sebuleni, na nilipoaga alinifungia maharage ya kutosha wiki nzima. Hakunikasirikia, na hiyo ndiyo iliyonikosesha usingizi.

"Watu wa kugawa maji." Kwa mkoa wetu hilo si neno la kubahatisha. Kule chini, Malagarasi ukiwa umeshapita Uvinza, kuna maporomoko ya Igamba, ambayo yamefikiriwa kwa umeme kwa miaka mingi. Mwaka 2008 Tanzania ilisaini mkataba na shirika la Marekani la Changamoto za Milenia, na mtambo mdogo wa umeme pale Igamba ulikuwa mojawapo ya miradi. Wataalamu walipofika kuchunguza mazingira, wakakuta mle majini kuna viumbe ambavyo sayansi haikuwa imevitambua. Mradi ukaachwa, fedha zikaelekezwa kwingine, ikiwemo umeme wa jua Kigoma. Baadaye ukaja mpango mwingine mkubwa zaidi kwenye mto huohuo, wa megawati 49.5, na mwaka 2020 Benki ya Maendeleo ya Afrika ikaidhinisha mkopo wake.

Sisemi umeme ni mbaya. Nimeishi Kibondo ya jenereta, naujua mlio wake usiku na bei ya mafuta yake. Ninachotaka kukionyesha ni kimoja: mwaka ule kiumbe kidogo kisichojulikana kilihesabika kuwa kipo, kwa sababu mtu aliinama akatazama majini kwa makini. Kabla maji hayajagawanywa, kuna mtu lazima aseme nani yupo. Anasema kwa ripoti, kwa ramani, kwa picha. Na mimi, niliyesomeshwa kutazama, nilikuwa nimetoa picha yenye jiwe la kufulia lisilo na anayefulia.

Nikaanza kuzisoma upya habari zangu za zamani, zile za kambini. Zilikuwa sahihi. Namba zilikuwa sahihi, majina ya maofisa yaliandikwa vizuri. Lakini ukisoma aya baada ya aya, hakuna mtu. Kuna "zaidi ya laki moja". Kuna "wengi wao wakiwa wanawake na watoto". Yule mama wa siku tatu hayumo. Nilikuwa nimempanga na wenzake, nikachukua wa katikati, na wa katikati hana uso. Nilidhani nimekimbilia maporomoko ili nipumzike na kazi ile. Kumbe nilikuwa nimebeba mbinu ileile, safari hii nikiwa na stendi.

Kuna safari moja iliyolimaliza jambo hili moyoni. Nilipanda basi kutoka Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, hadi Benaco, nikashukia Rusumo, pale Mto Kagera unapotutenganisha na Rwanda. Jina lenyewe linatokana na maporomoko, kwa Kinyarwanda isumo. Siku hizi pana mtambo wa megawati 80, umeme unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Wakati ule ujenzi ulikuwa haujakamilika. Mpakani kamera si jambo la mchezo, hivyo niliomba ruhusa kwanza, nikapewa, nikasimama na filta yangu mpya mfukoni.

Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Chini ya daraja, mto ulikuwa unashusha miili ya waliouawa. Ilipita kwenye maporomoko yale, ikaenda hadi Ziwa Victoria, na upande wa Uganda watu waliiopoa na kuizika. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, nakumbuka tu watu wazima wakinyamaza redio inapoanza kusema. Dunia iliambiwa, kwa sehemu, na waandishi waliosimama pale darajani wakatazama chini.

Sasa fikiria mtu angesimama mahali pale, siku ile, na kioo cha fundi wa mageti. Sekunde 30, fremu kumi na mbili. Kila kitu kilichokuwa kinapita kingepotea. Daraja lingeonekana tupu. Mto ungekuwa maziwa. Ingekuwa picha nzuri sana.

Sikuitoa filta mfukoni. Nilipiga picha moja kwa 1/500, maji yamevunjikavunjika, rangi ya udongo, kuna lori darajani na mtu amening'iniza mkono dirishani. Si picha nzuri. Ninayo.

Jumapili iliyofuata nilirudi kwa bibi. Nilimkuta palepale kwenye jiwe lake. Nikakaa, nikamwambia: "Bibi, siku ile nilikudanganya. Kitenge hakikuondolewa na kompyuta. Nilikifuta mimi."

Akaendelea kusugua kola ya shati. "Kwa nini?"

"Niliona kinaharibu picha."

"Kilikuwa kipya," akasema. Akasuuza shati, akalikamua. "Kilikuwa cha harusi ya mjukuu wangu mkubwa. Nilikianika mbele ya mashine yako makusudi."

Sikuwa na la kusema. Yeye alikuwa nalo. "Basi nipige tena. Ila sisimami kama mlingoti, nina kazi."

Hapo ndipo nilipojifunza upigaji picha upya. Ningeweza kutumia tabaka: fremu moja ndefu ya maji, fremu moja ya haraka ya bibi, niunganishe, atoke mkali kama sarafu mpya mbele ya maji ya hariri. Inawezekana, na kwa picha ya ukutani si dhambi, alimradi mtazamaji aambiwe. Kwenye habari hairuhusiwi, hapo hakuna mjadala: huongezi, hupunguzi. Lakini mimi nilitaka fremu moja tu, yenye muda mmoja, sisi wote tukiwa ndani yake. Nikajaribu 1/60, maji yakawa kama chumvi iliyomwagika. Nikajaribu nusu sekunde, bibi akawa moshi. Nikapanda nikashuka hadi 1/8. Kwa 1/8 maji yanakuwa nyuzi ndefu, bado unaona nguvu yake, bado unaona yanakoanguka. Mtu anayefua uso wake unabaki kama ameinama na kutulia kidogo, ila mikono inakuwa ukungu. Nilipiga mara arobaini hivi. Moja ikakubali.

Uso wa bibi unaonekana, mikunjo yote. Mikono haionekani vizuri, ni kama anafua kwa upepo. Kitenge kipo mwambani, kimefifia sasa, jua la miaka miwili.

Nilimpelekea nakala kubwa, ya fremu ya mbao. Aliitundika pembeni ya kalenda, ambayo mwaka wake ulikuwa umeshapita lakini ilikuwa bado iko Aprili. Mgeni akija, humwonyesha zote mbili, humweleza, "Hapa sipo. Hapa nipo, nafua." Aliniomba jambo moja tu: nisiandike popote jina la mahali. "Wakija wengi na mashine zao, nitafulia wapi?" Nikaahidi.

Bado napiga maji kwa sekunde 30. Sitaki mtu aondoke hapa akidhani nimeokoka na kuitupa filta. Kuna asubuhi ambazo bonde ni tupu kweli, na moshi ule ndio ukweli wa namna nilivyokaa pale nikisubiri. Tofauti ni kwamba sasa chini ya kila picha naandika ni fremu ngapi, sekunde ngapi, na nani alipita. Wanunuzi wengine huniomba nitoe mstari wa mwisho. Naacha kuwauzia.

Na zile fremu kumi na mbili za mwanzo sijazifuta. Jana usiku nilizifungua tena, moja moja, kabla programu haijazigusa. Kwenye ya tatu kuna madoa mawili ya njano yanayoelea juu ya njia: ni madumu, watoto wenyewe wamebaki wekundu hafifu wa vumbi la miguu yao. Kwenye ya sita kuna mstari wa kijani unaokata mto kutoka jiwe hadi jiwe, mkungu wa ndizi bila baiskeli na bila mtu. Bibi yupo kwenye nyingi, leo upande huu, kesho upande ule, kivuli kinachoinama. Ukiwa hujui, utasema ni ukungu wa maji.

Kitenge kipo kwenye zote kumi na mbili.